Sura ya Saba: Tumbo Baada ya Arubaini

Wazee wakishakaa kupanga mahari, katika nyumba nyingi za Pwani na za bara pia, karatasi ya mshenga huwa na mstari mmoja ambao bwana harusi huulipia bila kuuliza: mkaja wa mama. Kilemba anakielewa, blanketi la bibi analielewa. Mkaja ni haki ya mama mzazi wa binti, kwa ajili ya nguo aliyojifunga tumboni alipomzaa huyu anayeolewa leo. Miaka 20 au 25 imepita, na bado ukoo mzima unakaa kitako na kukiri mbele ya wageni kwamba tumbo la mama lilitanuka likalegea, na kwamba kulirudisha ilikuwa kazi. Ni deni zuri na lilipwe. Ninachohoji ni sifa tulizoipa nguo yenyewe.

Ukuta wa mbele wa tumbo una misuli miwili mirefu, mmoja kulia, mmoja kushoto, inayoanzia mbavuni na kushuka hadi mfupa wa kinena. Misuli hiyo haijashikana. Katikati yake umepita utando mweupe, mgumu, uliofumwa kwa nyuzi za kolajeni, na misuli mingine ya tumbo, ile ya ubavuni pamoja na ule wa ndani kabisa unaozunguka kiuno toka mgongoni, nayo imejishikiza kwenye utando huohuo. Mjamzito hahitaji daktari wa kumwonyesha ulipo: ule mstari mweusi unaomtokea kuanzia kitovuni kwenda chini umepita juu yake hasa. Mimba ikikua, homoni huulainisha utando, mtoto anausukuma kutoka ndani, unatanuka, na ile misuli miwili inasogea pembeni kupisha. Kitaalamu hali hiyo huitwa diastasi rekti. Utasikia watu wakisema misuli imechanika. Hapana. Hakuna kilichochanika, utando umenyooka ukawa mpana na mwembamba, basi.

Inawapata wangapi? Mwaka 2015 watafiti wa Ureno walichapisha matokeo ya wanawake 84 wa mimba ya kwanza, waliopimwa kwa ultrasaundi mara kadhaa kuanzia mwishoni mwa ujauzito hadi watoto walipofika miezi 6. Katika wiki ya 35 wote, hakubaki hata mmoja, walikuwa na misuli iliyoachana kupita kiwango. Wiki 4 hadi 6 baada ya kujifungua wamebaki nusu na kidogo. Kwenye miezi 6, asilimia 39. Mwaka uliofuata zikatoka hesabu za Norway, wanawake 300, nao wa mimba ya kwanza, safari hii wakipimwa kwa vidole: asilimia 60 katika wiki ya sita, asilimia 45 kwenye miezi 6, na mtoto anapotimiza mwaka bado asilimia 33.

Jambo linalompata kila mjamzito siwezi kuliita ugonjwa. Na kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji wa mikanda hawapendi kuitaja. Mwaka 2009 watafiti wa Uswisi walipima wanawake 150 ambao hawajawahi kuzaa kabisa. Hata hao walikuwa na nafasi katikati: sentimita 3 juu ya kitovu, upana wa hadi milimita 22 ulihesabiwa kuwa wa kawaida. Watoto wachanga wenyewe huzaliwa na misuli iliyoachana. Kwa hiyo anayekuahidi kuziba pengo lote anakuuzia tumbo ambalo wewe hukuwa nalo hata ukiwa msichana.

Kwetu hesabu hizo zina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hao wote wa Ureno na Norway walikuwa na mimba ya kwanza. Takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, wa Kenya 3.4. Tumbo la mimba ya tano, au lililobeba mapacha, si tumbo la mimba ya kwanza, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki analijua hilo kwa macho yake.

Sasa tuingie chumbani kwa mzazi. Maji ya moto yako kwenye beseni, taulo limekamuliwa, mlango umerudishiwa ili upepo usiingie. Mzazi amelala chali mkekani. Bibi anapitisha kanga iliyokunjwa chini ya mgongo wake, anaanzia nyongani, kwa sababu fundi wa kazi hii haanzii kiunoni, kisha anapanda juu mzunguko kwa mzunguko.

"Toa pumzi, mwanangu."

"Nimeshatoa, bibi."

"Bado. Toa yote."

Halafu anavuta, goti moja likiwa limebana mkeka, na ncha ya kanga inachomekwa chini ya mbavu.

"Bibi, sipumui."

"Utapumua baada ya arubaini."

Tusimcheke bibi. Nguo iliyofungwa kwa kiasi humpa mzazi nafuu ya kweli: mgongo unapata egemeo, kukohoa hakumshtui, tumbo halimwendi huku na huku akigeuka kitandani, na wengi waliojifungua kwa operesheni huona ni rahisi zaidi kuinuka. Taabu ni ule mvuto wa mwisho. Ukibana tumbo katikati, kilichomo ndani kinatafuta pa kwenda. Juu kuna mapafu, ndiyo maana binti hapumui. Chini kuna sakafu ya nyonga, ile misuli inayozuia mkojo na kushikilia kizazi, ambayo jana au juzi imepitisha mtoto. Mzazi anayevujwa na mkojo akipiga chafya hana haja ya kuongezewa mzigo huko chini. Na maji ya moto yana mipaka: kwenye mshono wa operesheni hayana kazi yoyote, na tumbo halihitaji kukandamizwa ili litoe damu chafu. Damu ile hutoka yenyewe kwa wiki kadhaa kadiri kizazi kinavyosinyaa.

"Mbona matumbo yetu yalirudi?" bibi atauliza. Yalirudi, na hapo ndipo penye fumbo lenyewe. Mara baada ya kujifungua kizazi huwa na uzito wa karibu kilo 1. Wiki sita baadaye hakifiki gramu 100. Maji ya ziada mwilini yanatoka. Utando nao unajikunja: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kusogeleana kwa misuli hutokea kuanzia siku ya kwanza hadi wiki ya nane, halafu mwendo unasimama. Weka hesabu hiyo kando ya arubaini uone zilivyokaa pamoja. Siku zilezile ambazo mwili unafanya ukarabati wake mkubwa ndizo ambazo mzazi, kwa desturi, hachoti maji, hatwangi, hainami kufua. Analetewa uji wa pilipili manga, supu, na kama kwao ni Uchagani, mtori. Mtoto akilia usiku yupo wa kumwinua na kumletea. Mapumziko na muda vilifanya kazi. Nguo ilikuwepo wakati kazi inafanyika, ikachukua sifa.

Leo tumefanya kinyume. Nguo tumeibakisha, tena imepanda cheo, imekuwa korseti yenye ndoano safu tatu na picha ya mwanamke wa kiuno cha nyigu kwenye boksi. Kilichokatwa ni arubaini. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi mitatu. Hiyo ni kwa mwenye mwajiri. Mama anayeuza vitumbua hana wa kumwandikia barua ya likizo, na wiki ya tatu utamkuta jikoni, kajifunga kiuno barabara, anainua ndoo ya lita 20. Ningeambiwa nichague kimoja, ningembakishia siku zake za kulelewa na kuilegeza nguo.

Habari za ndoo si chumvi ya maneno. Katika ule utafiti wa Norway, karibu kila kitu ambacho watu hukidhania, umri, uzito aliouongeza mama, ukubwa wa mtoto, hakikuwatofautisha waliobaki na pengo na wasiobaki nalo. Kilichojitokeza ni mizigo: wanawake waliosema wananyanyua vitu vizito mara 20 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili ya wenzao wa kukutwa na misuli iliyoachana mtoto anapofika mwaka. Mara 20 kwa wiki ni chini ya mara tatu kwa siku. Palipo na bomba la mtaa, mwanamke hutimiza hiyo kabla ya saa mbili asubuhi.

Kujipima ni rahisi, mradi wiki sita hivi zimepita na kibofu ni kitupu. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Weka vidole vya mkono mmoja juu ya kitovu, vikiwa vimelala kwa upana wa tumbo, ncha zikielekea chini kwenye ngozi. Toa pumzi taratibu, inua kichwa na mabega mpaka yaachane kidogo na godoro. Utahisi kingo mbili zikikaza pande zote za vidole: hiyo ndiyo misuli. Hesabu ni vidole vingapi vinaingia katikati. Rudia upana wa vidole vitatu juu ya kitovu, kisha vitatu chini yake, kwa kuwa pengo halilingani mahali pote. Viwili au pungufu, usijisumbue. Vinne au vitano, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia.

Wengi huishia hapo kwenye kuhesabu, kisha wanapeleka namba kwa mashoga kulinganisha. Lakini ukiwa bado umeinua kichwa, bonyeza kidogo. Je, chini ya vidole pamekaza na kudunda, au vidole vinazama pasipo kukutana na kitu? Kamba ya kuanikia nguo huulizwi ina urefu gani. Unaulizwa imekazwa vipi, maana ndefu iliyovutwa vizuri inabeba mashuka mabichi, na fupi iliyolegea inayaburuza mavumbini. Mwanamke mwenye vidole vitatu na utando uliokaza anaweza kubeba mtoto, kuruka kamba na kulima. Mwenye viwili na utando mlegevu ndiye ambaye tumbo linamtoka katikati kila anapoinuka.

Huo mtuno wa katikati ndio alama ya kuiangalia kila siku. Mama anajiinua ghafla kutoka kitandani, mgongo moja kwa moja, na pale katikati panachomoza kitu kirefu kama mgongo wa samaki, kikilala chini mara tu anapokaa. Wanaume nao wanacho. Mzee mwenye kitambi chake akijinyanyua kwenye kochi utakiona shati likiwa limebana, ila yeye hakuna anayemuuliza ana miezi mingapi. Mama wa mtoto wa miezi 8 anaulizwa kwenye daladala, anapishwa kiti, na anakaa kimya kwa aibu ya kueleza kuwa mimba yenyewe iko mgongoni, imelala kwenye kanga.

Mtuno ni taarifa tu kwamba kazi unayoifanya imeuzidi nguvu utando kwa siku hiyo. Badili namna ya kuifanya. Kutoka kitandani, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Kunyanyua, sogea karibu na mzigo, kunja magoti, toa pumzi wakati unainua badala ya kuibana. Ndoo ya 20 igawe kuwa mbili za 10, na kama nyumba ina kijana wa kiume mwenye miaka 15, mgongo wake ni mzima.

Kuhusu mazoezi kuna kelele nyingi kuliko maarifa. Kwa muda mrefu wanawake waliambiwa wasithubutu kufanya zoezi la kulala chali na kuinua kichwa na mabega, eti litapanua pengo. Wakaambiwa waingize kitovu ndani tu, wakaze ule msuli wa kina. Mwaka 2016 Paul Hodges wa Australia na Diane Lee wa Kanada walitazama kwa ultrasaundi kinachotokea hasa, wakakuta jambo la kuchekesha: mtu akiinua kichwa, kingo za misuli husogeleana, akitanguliza kukaza msuli wa kina, pengo hubaki pana zaidi, ila utando hauchomozi wala kukunjamana, unakaza. Yaani zoezi lililopigwa marufuku lilikuwa linapunguza upana kwa muda, na lililosifiwa lilikuwa linauacha. Kila moja lina faida yake. Kisha mwaka 2023 Wanorwe wakamaliza ubishi wa upande mmoja: walichukua wanawake 70 wenye misuli iliyoachana, nusu wakafanya mazoezi ya kuinua kichwa na mabega kwa wiki 12. Pengo halikupanuka. Halikuziba pia. Misuli ikapata nguvu.

Ndivyo ninavyowaambia wanaoniuliza: fanyeni mazoezi kwa ajili ya nguvu, msifanye kwa ajili ya vidole. Siku za mwanzo, hata mzazi akiwa bado kitandani, kupumua kunatosha. Pumua ndani mbavu zitanuke, toa pumzi polepole huku ukiinua misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, tumbo likaze lenyewe. Wiki zinavyosonga ongeza: ukilala chali telezesha kisigino kimoja mbali, kisha kingine, nyanyua nyonga, tembea kila jioni. Baadaye njoo kwenye yale ya kuinua mabega, ya kupiga magoti na mikono, na ya kubeba uzito. Kila hatua, mkono mmoja uangalie katikati ya tumbo. Pakichomoza, rudi nyuma hatua moja kwa wiki moja au mbili.

Waliojifungua kwa operesheni wana swali lao: je, kisu hakikukata misuli? Katika mkato wa kawaida ulio juu kidogo ya kinena, ambao Mjerumani Hermann Pfannenstiel aliuandika mwaka 1900, daktari hukata ngozi, mafuta na utando mgumu, lakini ile misuli mirefu huisogeza tu pembeni, mmoja huku, mwingine kule. Tumbo lenye nundu juu ya kovu kwa sehemu kubwa ni ngozi na mafuta yanayokaa juu ya mshono ulioshikamana na tabaka za chini, jambo tofauti na hili tunalozungumza, ingawa mtu anaweza kuwa nayo yote mawili.

Pengo limesingiziwa maumivu ya mgongo pia. Wanorwe walipolinganisha, wenye misuli iliyoachana hawakuwa na maumivu ya mgongo wala nyonga kuwazidi wasiokuwa nayo. Ukiumwa mgongo, tibiwa mgongo. Usikae ukisubiri vidole vipungue.

Upasuaji upo. Daktari huivuta misuli kwa nyuzi imara juu ya ule utando, toka kifuani hadi kinena, mara nyingi akiondoa na ngozi iliyozidi. Ni operesheni kubwa na ghali, na madaktari hupendelea kuifanya kwa mwanamke aliyemaliza kuzaa, kwa kuwa mimba nyingine huja kuulegeza tena mshono. Anayestahili kuifikiria ni yule ambaye amefanya mazoezi kwa uaminifu kwa muda mrefu na bado tumbo halimruhusu kufanya kazi zake, au mwenye ngiri.

Ngiri ni jambo jingine. Misuli ikiachana, utando bado ni mzima na utumbo uko nyuma yake. Kwenye ngiri utando umetoboka, mara nyingi hapo kitovuni, na kitu kinapita tunduni. Uvimbe mdogo laini unaorudi ndani ukilala unaweza kusubiri miadi ya kliniki. Ukiwa mgumu, unauma, haurudi, ngozi inabadilika rangi na mama anatapika, utumbo umenaswa. Hapo hakuna kufunga wala kukanda wala kusubiri shangazi afike toka Muheza. Itafutwe gari, aende hospitali saa hiyohiyo, na njiani asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akafikia mezani kwa daktari wa upasuaji.